Kitabu cha Kiingereza na masweta ya Julai

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka kumi na minne katika shule za sekondari hapa Moshi, na walimu wapya huniuliza mara kwa mara kama wafuate kitabu ukurasa kwa ukurasa au wakiweke kando. Katika idara yetu rai zimegawanyika: wapo wanaokishikilia kwa sababu mazoezi yamo tayari na andalio la somo huwa jepesi, na wapo wanaokilaumu kwamba kinamchukulia mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kana kwamba Kiingereza ndicho anachozungumza nyumbani.

Julai moja, nikiwa na Kidato cha Kwanza, tulisoma kifungu kuhusu majira ya mwaka kutoka katika kitabu cha ziada kilichochapishwa Uingereza. Wanafunzi walikuwa wamevaa masweta, ukungu umeifunika Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, tangu asubuhi, na bado karibu wote waliandika daftarini kwamba Julai ni mwezi wa joto, maana ndivyo kitabu kilivyosema. Nilitia alama ya vema mpaka daftari la kumi hivi, ndipo nikatambua kwamba nilikuwa napima kunakili, si Kiingereza. Kesho yake niliubakiza muundo wa sentensi uleule, nikabadilisha mambo yake yakawa masika ya Machi hadi Mei, uchumaji wa kahawa na jua la Februari katika Soko la Mbuyuni. Makosa ya sarufi yaliongezeka, nami nikafurahi, kwa kuwa sasa yalikuwa makosa yao wenyewe.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kitabu usikitupe, bali lifanye zoezi wewe mwenyewe jioni ya kuamkia kipindi, kalamu mkononi, ukijiuliza kama mwanafunzi anaweza kulijibu bila kulielewa. Likijibika hivyo, libadilishe. Mtihani wa taifa hutungwa kwa kufuata muhtasari wa somo, yaani silabasi, hivyo ukurasa uliouruka haudhuru mradi mada yake imefundishwa. Vitabu vikiwa vichache, na kwangu wanafunzi watatu wamewahi kuinamia kimoja, kiandike kifungu kwenye karatasi ya manila kwa maka peni, herufi kubwa, ili anayekaa nyuma asome bila kusimama. Manila zangu za majira ya mwaka ninazitumia hadi leo, ingawa panya wa stoo ya idara wamekwisha kula Novemba na Desemba.