MASWALI YENU: Boti imetoka Kisumu, ikafika Kilifi ikaanza kuliwa

SWALI: Fundi shikamoo. Nina boti ya kubeba wageni, ya futi 22, mashine iko ndani na mguu nyuma (stendraivu). Niliinunua Kisumu mwaka jana, huko ilikuwa haina neno. Tangu niilete Kilifi zile anodi (vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe badala ya mguu) zimeisha kwa miezi mitatu, mguu unavimba rangi na ndani yake kuna unga mweupe, halafu sasa mshale wa joto unapanda nikikaza mafuta kidogo tu. Mimi naiosha kwa maji baridi kila Jumapili. Nakosea wapi? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba kaka. Boti yako bado imevaa nguo za ziwani, shida ndio hiyo. Ziwa Victoria ni maji baridi na huko watu hufunga anodi za magnesiamu, ukiingia nazo baharini zinayeyuka kama sabuni kwenye karai, na zikiisha tu bahari inaanza kula alumini ya mguu wenyewe. Huo unga mweupe unaoudhani ni chumvi ndio alumini yako inayoondoka. Funga za zinki au za alumini, kwangu mimi bora za alumini, na kabla hujakaza bolti kwangua rangi pale anodi inapokalia mpaka uone chuma kinang'aa, maana pasipogusana ni pambo tu. Anodi haipakwi rangi jamani!! Ikiliwa nusu, badilisha.

Hukuniambia nani alipaka rangi mguu, ila naotea ni fundi wa majahazi aliyechukua ile rangi ya kuzuia vigamba ya chini ya chombo akaendelea nayo mpaka kwenye mguu. Nyingi zina shaba, na shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi ni betri kamili. Kwenye mbao au faiba sawa, mguuni hapana, ikwangue yote utafute iliyoandikwa ni ya alumini.

Haya joto. Fungua pampu ya maji uangalie impela, ile raba yenye mabawa. Ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi inaungua. Mimi iliwahi kunikuta, niliwasha mashine nchi kavu "mara moja tu nisikie mlio", nikanunua impela. Ukikuta bawa limekatika usifunge mpya ukaenda zako, kitafute kipande kilichopotea kwenye mipaipu ya mbele maana huko ndiko kinakoziba. Kama impela ni nzima basi nenda kwenye manifoldi na viwiko vya ekzosi, yaani njia za kutolea moshi, vile ni vyuma vya kuyeyusha, kutu na chumvi hujaa ndani mpaka tundu la maji linabaki dogo, na vikitoboka maji yanaingia kwenye silinda, hapo tunaongea habari ya mashine nyingine.

Kuosha Jumapili hakutoshi, osha kila ukirudi. Boti ikiwa kwenye trela teremsha mguu, vika vile vikombe vya raba kwenye matundu ya kuvutia maji, fungua bomba KWANZA ndio uwashe, sailensa tu, yaani ingurume polepole, usikanyage mafuta. Acha ipate moto mpaka termostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto, ifunguke, la sivyo maji baridi hayafiki kwenye bloku na chumvi inabaki humo humo, dakika kumi au kumi na tano hivi. Ukimaliza zima mashine halafu ndio ufunge bomba.

Na kama unalaza boti majini, usiache mguu umeinuliwa wiki nzima, anodi zinaweza kuwa juu hewani na sehemu ya mguu bado iko majini, na ule mpira wa mikunjo unaozunguka shafti unakaa umejikunja, vigamba vinaota kwenye mikunjo na siku ukiuteremsha vinaukata kama wembe. Ukichanika maji yanaingia ndani, boti inazama wewe umelala. Bamvua ikija ipandishe mchangani, maji yakikupwa pitisha kidole kila mkunjo ukitafuta ufa. Na pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, iwe ya kujiwasha yenyewe.

Mwisho legeza kidogo ile skrubu ya chini ya giaboksi, oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa ujue sili, ile raba ya kuzuia maji, imekwisha, wageni wa kesho wapigie simu uwaambie hakuna safari.