Mwanangu, usilipe kwanza

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema dalali amekupatia chumba na sebule Kinyerezi, huko Dar es Salaam, kwa sh. 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na kazi yako mpya ipo Posta, katikati ya jiji. Unauliza ulipe au uache.

Usilipe kwanza. Huenda nyumba ni nzuri, lakini umeiona kwa picha kwenye simu na mara moja tu mchana wa Jumapili. Nenda kwa shangazi yako Tabata, ukae wiki mbili, utafute ukiwa na miguu yako mwenyewe.

Tuangalie hesabu. Miezi sita ni 900,000. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, 150,000, na hiyo hairudi hata ukihama wiki ijayo. Hapo ni 1,050,000 kabla ya kirikuu, kile kigari kidogo cha kubeba vitu, kitasa kipya na umeme wa kuanzia. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo idadi ya miezi ni makubaliano yenu tu. Omba mitatu, na umwombe mwenye nyumba uso kwa uso. Dalali hana sababu ya kukuteteeni nyinyi wapangaji: kodi ikiwa kubwa, na chake kinakuwa kikubwa. Chumba kilichokaa wazi mwezi mzima humlainisha mwenye nyumba kuliko maneno yako yote, basi waulize majirani kimekaa wazi tangu lini.

Halafu njia. Kutoka Kinyerezi unapita Segerea, Tabata, unaingia Barabara ya Mandela, ndipo uelekee mjini. Simama kituoni saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi. Ukiona watu wanageuza na gari, yaani wanapanda likielekea mwisho wa safari ili wapate siti ya kurudia, ujue utalipa nauli mara mbili au utasimama hadi mjini. Kwa mtu wa Posta, mimi ningetafuta kwanza kandokando ya njia ya mabasi ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro: Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni. Vyumba ni vidogo na kelele zipo, lakini basi lina njia yake. Kituo kiwe umbali wa kutembea. Bodaboda ya 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 26, ni 52,000 kwa mwezi. Nyumba ya "bei poa" iliyo ndani sana imeshapanda bei hapo.

Kuhusu mvua, wala usimuulize dalali. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na Bonde la Msimbazi hujaa. Jangwani, Mkwajuni na sehemu za Kigogo zinajulikana, ila vibonde vidogo vimetapakaa jiji zima. Angalia ukuta wa nje chini: mstari wa tope uliokauka, plasta inayobanduka kwa urefu mmoja nyumba nzima. Ukikuta kila mlango mtaani umejengewa kizingiti cha tofali hadi magotini, umeshajibiwa.

Sasa umeme, maana hapa ndipo wapangaji wanapogombana kuliko mahali popote. Uliza chumba kina mita yake ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, au mnachangia. Mita moja kwa vyumba vinne maana yake mwenye friji na mwenye taa mbili wanachanga sawa, na mmoja akichelewa mnalala giza wote. Zipo nyumba zenye mita ndogo za ndani: hizo uliza uniti wanauza shilingi ngapi, ulinganishe na bei ya TANESCO. Ukiambiwa mita ni yako peke yako, hakikisha. Washa taa ya chumbani, mwombe mtu azime swichi kuu ya mita hiyo, uone kama imezimika yako na kama ya jirani imebaki. Kisha nunua umeme wa 2,000 kwa namba ya mita hiyo kabla hujasaini. Uniti zikija chache kuliko kawaida, huenda kuna deni, au ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humo humo kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema itafidiwa vipi.

Maji: fungua bomba, usikubali kuonyeshwa tu. Uliza maji ya DAWASA, ya mamlaka ya maji ya jiji, yanatoka siku zipi, na simtanki ni la lita ngapi kwa watu wangapi. Kama ni ya kisima, onja kidogo uteme, kisha nawa kwa sabuni. Povu likigoma, ni ya chumvi. Utaoga nayo, lakini ya kunywa na kupikia utanunua.

Ukiridhika, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, uulize nyumba ni ya nani na kama ina mgogoro wa mirathi. Ndugu mmoja anaweza kupokea kodi, mwingine akaja kukutoa. Fedha mtumie mwenye nyumba mwenyewe, benki au kwa simu, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa la dalali, simamisha. Risiti iandikwe miezi kwa tarehe, si "miezi sita" tu.

Mkataba useme nani anatengeneza choo kikiziba na paa likivuja, kodi itapanda lini, notisi ni siku ngapi, na ukiondoka mapema kodi iliyobaki inarudi au hairudi. Wengi huruka kipengele hicho, nacho ndicho chenye fedha. Piga picha kila ufa na kioo kilichovunjika siku ya kukabidhiwa funguo, na kitasa ubadilishe siku hiyo hiyo.

Nitumie picha ya mkataba kurasa zote kabla hujasaini, hata ikiwa usiku.

Baba yako