Uso wa Uzi Huishi kwa Mwanga

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia kazi yake ya kudarizi: uso wa bibi yake, sentimita 14 kutoka utosini hadi kidevuni, uzi wa pamba juu ya kitani. Vipimo viko sawa, rangi amezipanga kwa subira. Chini yake ameandika maswali mawili. La kwanza, mbona anafanana na bibi lakini kama amevaa barakoa? La pili, mbona kila akiiweka mtandaoni watu wanamuuliza amechapisha kwa mashine gani?

Najibu hadharani kwa sababu maswali haya huja kila mara, na yote mawili yana chanzo kimoja. Wengi tunadarizi kana kwamba uzi ni rangi ya maji. Uzi wa pamba wa kudarizia hupitishwa kwenye magadi makali kiwandani ili ung'ae, na kinachong'aa hubadilika kadiri kinavyolala. Jaribu hivi: darizi miraba minne ya sentimita 2, uzi uleule, namba ileile, lakini kila mraba uelekeze mishono upande wake: wima, mlalo, mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto. Sogeza kitambaa karibu na dirisha. Utaona rangi nne. Geuza kitambaa robo duara, na zile rangi zitabadilishana nafasi.

Wadarizi wa mavazi ya kanisa wa Uingereza wa karne ya 13 na 14 walilijua hili vizuri. Nyuso walizishona kwa hariri, sindano ikipasua mshono uliotangulia, na kwenye shavu walizungusha mishono kama ganda la konokono. Shavu likatuna lenyewe, bila kubadilisha rangi. Basi kabla hujanunua uzi wa kumi na tano, jiulize kama ule wa tano umeulaza sawasawa.

Kazi huanzia kwenye picha. Chagua iliyopigwa kwa mwanga wa upande mmoja, dirisha au mlango, ili pua iwe na kivuli. Picha ya flashi ya usoni haina kivuli, na hutakuwa na cha kushona isipokuwa mistari. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha ipunguze kwenye simu hadi ibaki na ngazi tano au sita za weusi na weupe. Chapa nakala mbili. Moja ni ya kunakili kwenye kitambaa. Ya pili chora mishale ya mwelekeo wa mishono: paji la uso hufuata mviringo wa fuvu, mwanzi wa pua unashuka, pembeni mwa pua mishono inageukia shavuni, shavu linazunguka mfupa, kidevu kama nusu ya yai. Usianze bila nakala ya mishale. Anayeruka hatua hii ndiye anayemaliza na barakoa, maana mishono yote itakuwa imesimama wima kama mvua.

Kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi kwanza. Kikija kusinyaa baada ya kudariziwa, uso utajikunja na hakuna pasi itakayouokoa. Weka pamba nyembamba chini ya kitani, vibane vyote viwili kwenye fremu ya duara, na ringi ya ndani uizungushie utepe wa pamba ili kitambaa kisiteleze. Kikigongwa kwa kidole kilie kama ngoma. Ukiacha kazi usiku, kitoe kwenye fremu, la sivyo alama ya duara itakaa hapo kwa muda mrefu kuliko unavyotaka. Kunakili, penseli ngumu iliyochongwa inatosha. Kalamu ya bluu inayotoka kwa maji ni nzuri, ila ole wako uipige pasi kabla ya kuifua: joto huigandisha. Na ile ya wino unaopotea kwa joto inaweza kurudi kazi ikipatwa na baridi kali, jambo baya sana kwa kitu ulichokwisha kumtumia mteja wa mbali.

Uzi wa DMC, na wa makampuni mengine mengi, huja mita 8 zenye nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja. Kwa uso wa ukubwa huu tumia uzi mmoja tu kati ya hizo sita, kwa sindano namba 10. Kata sentimita 45, si zaidi. Mrefu kuliko hapo unachakaa kwa kupita kitambaani na kupoteza mng'ao, na mng'ao ndio mtaji wako. Mita 8 mara 6 ni mita 48 za uzi mmoja, yaani zaidi ya sindano 100 kwa kila rangi. Kwa hiyo usihangaike kununua vitita viwiliviwili. Nunua rangi zaidi.

Nikiwa kwenye rangi, niseme la ngozi nyeusi, kwa sababu hapa ndipo nyuso nyingi huharibiwa. Watu huchukua kahawia tatu halafu kivuli wanakijaza nyeusi ya 310 (namba zote hapa ni za rangi za DMC). Matokeo yake ni shimo. Kivuli kwenye ngozi nyeusi kina rangi: zambarau, mvinyo, bluu iliyofifia. Mfululizo wa 938, 898, 801, 433, 434 unakupa mwili wa ngozi. Panapopita kutoka kivulini kwenda kwenye mwanga tia wekundu kidogo wa 300 au 400. Ndani ya kivuli changanyia 3740, ile zambarau ya zamani. Mwanga wa dirishani unaogonga paji la uso na ncha ya pua huwa wa baridi, kwa hiyo mishono michache ya 3042, zambarau iliyopauka, au 932, bluu iliyofifia, itaangaza kuliko kahawia yoyote iliyopauka. Ukiishika 932 mkononi utadhani nimekosea namba. Ishone kwanza, halafu rudi hatua tatu nyuma.

Mshono wenyewe ni ule wa mirefu na mifupi. Safu ya kwanza inapishanisha, mmoja wa milimita 7, mwingine wa 4. Safu inayofuata inapanda kwa kupasua ile ya kwanza, ikiingia ndani yake kama theluthi moja. Kosa la kawaida ni kuchomoa sindano pale mshono wa kwanza unapoishia. Hapo unapata mstari, na ukishona safu sita hivyo unapata ngazi za kupandia shavu. Kuzunguka macho na matundu ya pua punguza hadi milimita 2 au 3. Mshono unaozidi milimita 10 utalegea na kunasa kwenye kila kitu. Na usivute: ukisikia kitambaa kinakuja na uzi, umekwisha kukikunja.

Kilicho nyuma kitangulie. Shingo kabla ya kidevu, mboni kabla ya kope, paji la uso kabla ya nywele. Kila kinachofuata kifunike ukingo wa kilichotangulia.

Jicho linahitaji siku yake peke yake. Weupe wa jicho si mweupe: anza na kijivu cha 415 chini ya kope la juu, kwa sababu kope linatia kivuli, kisha 762 chini kidogo. Mduara wa rangi ushone kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama spoku za baiskeli, na sehemu yake ya juu ifichwe na kope. Ukiuacha duara zima, mtu anakuwa ameona jini. Mstari wa kope tumia 3371, kahawia iliyokaribia nyeusi, sio 310, na wa chini uwe mwembamba na uliofifia. Mwisho kabisa, mshono mmoja mweupe, mfupi kama punje ya mtama. Kama mwanga wa picha ulitoka kushoto, nukta hiyo ikae saa nne kwenye uso wa saa, yaani penye namba 10, juu kushoto, macho yote mawili. Ukiiweka saa nne jicho la kulia na saa nane jicho la kushoto, mtu atakuwa na makengeza na hutajua kwa nini.

Meno usiyatenganishe kwa mistari. Kivuli cha 644 pembeni, 822 katikati, basi.

Ukimaliza, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, lakini kabla ya hapo kandamiza pamba nyeupe iliyolowa juu ya kila rangi nyekundu na nyeusi uone kama zinachuja. Piga pasi kwa nyuma, uso umelala juu ya taulo nene, ili mishono isilale bapa. Kisha kivute juu ya ubao usio na asidi na ukifunge nyuma kwa uzi imara unaokwenda na kurudi kama kamba za viatu. Gundi na utepe wa kunata, hapana. Baada ya miaka vinageuka njano, na unjano huo hupenya.

Sasa kuwaonyesha watu. Hapa watu wazima wanashona saa 80, halafu wanapiga picha kwa sekunde 8 chini ya taa ya dari. Kisha wanalalamika hakuna aliyejali.

Zima flashi. Ilaze kazi karibu na dirisha lisiloingia jua moja kwa moja, mwanga uje kwa pembe ya chini ya upande, kama digrii 30 juu ya kitambaa, ili kila mshono uwe na kivuli chake. Huko ndiko swali la "umechapisha?" linakojibiwa. Na mwanga utoke upande uleule uliotoka kwenye picha ya asili. Kama kivuli cha pua ulichoshona kinaangukia kulia, dirisha liwe kushoto. Ukikosea hapo, mng'ao wa uzi unabishana na kivuli ulichoshona, na uso unakuwa bapa. Upande wa pili weka kadibodi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Simu iwe sambamba na kitambaa. Rudi nyuma na ukuze mara 2 badala ya kusogea, kwa sababu ukisogea pua inavimba. Kitani kikitoa mawimbi ya ajabu kwenye kioo cha simu, ni vile vistari vya kitambaa kugongana na pikseli. Badilisha umbali kidogo yataondoka. Zungusha utepe wa kunata mkononi, uupitishe juu ya kazi uondoe vumbi na nywele kwanza, maana kamera haisamehi.

Toa picha tatu kwa kila kazi: nzima, jicho kwa karibu likiwa na sindano kando yake kuonyesha ukubwa, na upande wa nyuma. Watu hupenda nyuma. Cayce Zavaglia wa Marekani huonyesha hata migongo ya nyuso zake kama kazi kamili, na mafundo yale yana ukweli wake. Hifadhi faili kubwa kwa ajili ya kuchapa. Chapisho la sentimita 20 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi linadai pikseli karibu 2,400.

Kama umedarizi juu ya picha iliyochapwa kitambaani, sema hivyo kwenye maelezo. Si aibu hata kidogo: Joana Choumali wa Cote d'Ivoire alishinda tuzo ya Prix Pictet mwaka 2019 kwa picha alizozidarizi. Aibu ni kunyamaza ili watu wadhani kila kitu ni sindano.

Na ruhusa. Uso ni wa mtu, lakini picha ni ya aliyeipiga, hata kama uso ni wa mamako. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mpiga picha Lynn Goldsmith dhidi ya taasisi ya Andy Warhol, kuhusu sura ya mwanamuziki Prince ambayo Warhol aliitengeneza kutokana na picha yake na baadaye jarida likauziwa haki ya kuichapa. Kama jina la Warhol halikutosha, langu na lako halitatosha. Piga picha zako, au pata ruhusa kwa maandishi kutoka pande zote mbili: kudarizi, kuonyesha, kuuza. Kwa watoto, mzazi atie sahihi na jina lisitajwe.

Kwenye maonyesho, tundika kitovu cha kazi kama sentimita 150 kutoka sakafuni, taa moja ya pembeni, tena upande wa mwanga wa picha. Makumbusho huweka nguo kwenye mwanga usiozidi luksi 50 kwa sababu rangi hupauka, na jua la dirishani ni adui. Ukitumia kioo, acha nafasi kati yake na uzi. Kikigusa, unyevu hukaa hapo na ukungu huanza. Watu watagusa, hata ukiandika usiguse kwa herufi nyekundu. Tundika kando kipande cha majaribio, ile miraba minne, waguse hiyo mpaka washibe. Kibandiko kiwe na jina la kazi, mwaka, malighafi, kimo kwa upana, na saa ulizotumia. Saa hizo zihesabu kweli, kwa daftari, ukikisia utajipunja.

Kwa yule msomaji wangu: usifumue uso mzima. Macho yake ni mazuri, yaache. Fumua shavu la kushoto tu, kutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo. Kata mishono vipandevipande kwa mkasi mdogo, uvichomoe kwa kibanio. Usivute uzi mrefu kwenye kitani. Tumia rangi zilezile ulizonazo. Anza kwenye kilele cha mfupa, zungusha kutoka hapo, na kila baada ya mistari mitatu ipeleke kazi dirishani uigeuze. Halafu nitumie picha mbili, mbele na nyuma.