Nilibadilisha mafuta, mbona bei ni ile ile?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mie nakaanga mahamri na viazi karai hapa Kisauni. 2022 mafuta ya kupima yalipanda mpaka nikapunguza saizi, wateja wakawa waniuliza ati haya ni mahamri ama kaimati. Nikaambiwa ni vita vya Ukraine. Sasa Ukraine na mawese wapi na wapi? Na mbona kila nikihamia mafuta mengine bei ni ile ile? – Mama Mahamri

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hapo kwa kaimati nimecheka, lakini swali lako zito.

Ulibadilisha jina la mtungi, mafuta hukubadilisha. Hebu ugeuze usome yale maandishi madogo, mara nyingi utakuta ni mawese, yameingia na meli hapo Kilindini yakiwa ghafi, viwanda vikayasafisha kisha kila kimoja kikabandika lebo yake. Na mawese yenyewe twayatoa zaidi nchi mbili tu, Indonesia na Malaysia.

Ukraine yaingia hivi: ndiyo ilikuwa namba moja duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, vita vikapamba moto Februari 2022, bandari zake za Bahari Nyeusi zikafungwa, waliokuwa wakinunua alizeti wote wakakimbilia mawese, foleni ikawa ndefu. Halafu Indonesia nao, raia wao washaanza kulia na bei, tarehe 28 Aprili serikali ikapiga marufuku kuuza nje! Ilikaa chini ya mwezi, 23 Mei ikaondolewa, lakini wewe karai lako lishaumia. Siwalaumu sana, nani atagawa kwa jirani na wanawe hawajala.

Ati tununue kwengine? Ngano afadhali, ukikosa Urusi na Ukraine kuna Argentina na Australia, japo ni mbali na gharama. Lakini mchikichi wataka joto na mvua mwaka mzima, na hizo nchi mbili zatoa kama asilimia 85 ya mawese ya dunia nzima, sasa wende wapi? Labda tubadilishe mafuta yenyewe, tukamue alizeti yetu kwa wingi. Minazi nayo imejaa Kilifi na Kwale hapo, ila ukikaangia mahamri mafuta ya nazi kwa bei ya sasa utafunga biashara wiki hiyo hiyo.

Kwa leo, bei ikishuka weka mtungi mmoja wa akiba, na usome lebo kabla hujahama.