Barua kwa mwanangu anayetaka kuandika vichekesho vya katuni

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nikavaa miwani. Umeniuliza: nikiacha benki nikaandike vichekesho vya katuni, hiyo nayo ni kazi ya mtu mzima? Umesema studio moja huko Dar inatafuta mwandishi wa mfululizo wa vipindi 13, na wamekupa hadi mwisho wa mwezi uwajibu. Baba yako alikujibu palepale kwenye simu. Mimi nimechukua siku nne, kwa sababu hili jambo nimeishi nalo kabla hujazaliwa.

Ni kazi, na nataka uende. Ila katika maneno yako naona unadhani unakwenda kutunga. Unakwenda kurekebisha, tena pamoja na watu wengine, na hapo ndipo ninapokuhofia. Ulipokuwa kidato cha pili mwalimu alikata beti mbili za shairi lako la mahafali, ukakaa siku mbili huongei na mtu. Sikukulaumu, zilikuwa beti nzuri. Lakini huko unakokwenda zitakatwa beti mbili kila siku, kabla ya chakula cha mchana.

Angalia wanavyofanya wale walioifikisha mbali kazi hii. Katuni ya The Simpsons ilianza kama kipindi kamili Marekani tarehe 17 Desemba 1989, na hadi leo inaandikwa na kundi la waandishi wanaofanya kazi pamoja. Mmoja anapewa kisa, anakwenda kuandika rasimu, anairudisha, halafu wenzake wanaichambua mstari kwa mstari. Kisha waigizaji wanakaa mezani wanaisoma kwa sauti, na waandishi wanasikiliza wapi watu wamecheka na wapi wamekaa kimya. Pale palipokuwa kimya panaandikwa upya. Sauti zinarekodiwa kwanza, michoro inafuata, na ikishapatikana michoro ya awali inayotembeatembea, wanakaa tena wanakata tena. Kipindi kimoja kinaweza kuchukua miezi minane hadi kumi. Wapo wanaokwenda mbio: watengenezaji wa katuni ya South Park wamezoea kumaliza kipindi kwa siku sita, ndiyo maana wanaweza kutania habari za wiki hiyohiyo. Wewe usiwaige hao. Ukiandika utani wa habari ya leo, mtoto ataiona mwakani na hatajua unacheka nini.

Yupo mwandishi wa The Simpsons, John Swartzwelder, aliyeandika vipindi 59, akawapita wenzake wote. Alieleza kwamba rasimu ya kwanza huiandika upesi, kwa siku moja, hata kama vichekesho vyake ni vibovu na mazungumzo hayana ladha. Kesho yake anaikuta imeshaandikwa, kazi iliyobaki ni kuirekebisha. Nimelifikiria sana hili nikiwa jikoni. Wewe unataka sentensi ya kwanza iwe safi ndipo uandike ya pili. Kwa mtindo huo hutamaliza kipindi kimoja, sembuse 13.

Sasa nikukumbushe kitu ulichokiona kwa macho yako ukiwa na miaka saba, msiba wa babu yako.

Babu alikuwa na mtani wake, Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli, wakafanya kazi stesheni pamoja zaidi ya miaka ishirini. Unajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu waliposhuka pwani na mizigo mabegani. Tulipotoka makaburini, wanaume wakakaa kwenye mikeka chini ya mwembe, wanawake tulikuwa ndani. Bibi yako alikuwa hajasema neno tangu juzi yake. Yule mzee akaingia chumbani kwa babu bila kuomba ruhusa, akatoka amevaa koti la reli la babu, lile lililokosa kifungo cha pili. Akakaa kwenye kigoda cha babu. Hakusema kitu. Akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti alichokifunga uzi, akakitazama kwa makini kama mtu anayetazama saa, akakirudisha mfukoni polepole, akalinyoosha koti. Akakaa kimya. Alikaa kimya hadi mtoto mmoja akakohoa. Ndipo akageuka kwa jirani yake akauliza kwa sauti ileile ya babu: "Jamani, sasa hivi saa ngapi?"

Bibi alicheka hadi akajiegemeza ukutani, machozi yanamtoka, anapiga mkeka kwa kiganja. Maana ndivyo alivyokuwa mumewe maisha yake yote. Anatazama saa, anairudisha, halafu anauliza saa ngapi.

Mzee yule hakubuni kitu. Alikuwa amemtazama mwenzake miaka ishirini, akakiweka kile kitu moyoni hadi siku kilipohitajika. Hakuongeza hata neno la pili. Wewe utakapokaa na hao wachoraji kumbuka koti na kiberiti. Katuni inaruhusu kila kitu, tembo anaweza kuruka na nyumba ikakimbia, na mwandishi mgeni hulewa uhuru huo, analipua vitu tu. Lakini mhusika wa katuni hana uso wake mwenyewe wa kumsaidia kama mwigizaji wa jukwaani. Ana kile ulichomwandikia. Mwandikie la kufanya, mchoraji apate cha kuchora, na liwe jambo ambalo yeye tu ndiye angelifanya. Kichekesho kizuri ukikihamishia kwa mhusika mwingine kinakufa. Kisipokufa, jua hakikuwa cha yeyote.

Na lipo la mipaka. Mzaramo yule angemfanyia vile mtu asiye mtani wake, vijana wangemtoa nje. Nasema hivi kwa sababu nimechoka, mwanangu, kuona mtu wa bara akitokea kwenye vichekesho vya Dar ni mlinzi wa geti anayechanganya r na l, na hapo ndipo kicheko kinapoishia. Watoto wa Urambo na wa Kasulu nao wanaangalia. Mhusika wa kwetu akiingia kwenye kipindi chako, achekeshe kwa ukaidi wake au kwa mapenzi yake ya kupita kiasi kwa mbuzi wake, lafudhi yake iache ipite salama.

Unakumbuka Ubongo Kids ilipoanza TBC mwaka 2014? Mdogo wako alikuwa akiimba hesabu akioga. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza katuni iliyotengenezwa Dar ikizungumza Kiswahili, na nilifurahi kuliko yeye. Kabla ya hapo zilikuwapo hadithi za wanyama zilizochorwa kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki mwaka 1972. Wachoraji walifanya kazi Nairobi, lakini kampuni iliyosimamia ilikuwa ya London, na huko Uingereza zilianza kurushwa mwaka 2010. Mtindo wetu ulifika mbali. Natamani na sentensi zetu zifike, zikiwa zimeandikwa na mtu aliyelelewa kwenye utani.

Kuhusu fedha nitasema yaliyonipata. Miaka ya tisini niliandika vichekesho 11 vya redio nikavipeleka kwenye kituo kimoja. Walinipokea vizuri, wakaniambia watanipigia. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa dukani nanunua sukari, nikasikia cha tatu kikichezwa, neno kwa neno, na jina la mwandishi halikutajwa. Muuza duka alikuwa anacheka. Sikupata hata senti, na sikuwa na karatasi yoyote iliyosainiwa ya kuonyesha kwamba ni vyangu. Niliacha kuandika. Kila nikikumbuka duka lile moyo unauma, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii.

Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha benki kabla mkataba haujasainiwa pande zote mbili. Usome wote. Tazama unalipwa kwa mwezi au kwa kipindi, na wakikurudishia rasimu mara ya tano inahesabika vipi. Tazama kama jina lako litaonekana kwenye skrini. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatenganisha haki za kiuchumi, yaani za fedha, na haki za kimaadili, kama ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mwandishi, basi ujue zile za kiuchumi zinabaki kwa nani siku kipindi kitakapouzwa Kenya au kurushwa mara ya pili. Mpelekee mwanasheria akusomee, gharama nitachangia. Usione haya kuuliza. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, kupitia chama chao, waligoma siku 148, kuanzia tarehe 2 Mei, wakidai malipo bora na kinga dhidi ya akili bandia. Na hata kule, wengi wanaoandika katuni hawamo kwenye chama kile kilichogoma, na masharti yao mara nyingi ni duni kuliko ya wanaoandikia waigizaji wa kawaida. Kama hao bado wanadai, wewe utaonaje haya kuuliza swali?

Halafu uwe na akiba ya miezi sita. Mfululizo wa vipindi 13 unaisha, na hakuna anayekuahidi wa pili.

Nimempa dereva wa basi la kesho dumu la asali, lita tano, ya Sikonge. Ndani ya mfuko utakuta na daftari langu la zamani, lile la jalada la kijani. Mle mna nakala za vile vichekesho vinane walivyobaki navyo bila kuvicheza, na mambo ya watu wa mtaani kwetu niliyokuwa nikiyaandika kila jioni: nani anapiga chafya mara ngapi, nani anaaga mara tatu na bado yupo mlangoni. Chukua utakachotaka.

Ukimaliza rasimu ya kwanza nitumie kabla hujaigusa tena na kabla wenzako hawajaiona. Ile mbovu. Nitamsomea baba yako kwa sauti baada ya chakula cha jioni, nikuandikie amecheka wapi.

Mama yako