Muulize Bi Mwalimu: Maharamia ndani ya darasa

Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Mie nasomesha skuli moja huku Wete, darasa lina watoto 58 na nakala 6 tu za Kisiwa chenye Hazina, kile kitabu cha Stevenson kilichotafsiriwa Kiswahili zamani. Nikisoma kwa sauti wa mbele wanasikiliza, wa nyuma wanasinzia, na jioni wote wako chuoni (madrasa) kwa hiyo kuwapa kazi ya nyumbani ndo basi tena. Niwachangamshe vipi bila kipindi kugeuka mnada wa samaki?
*Mwalimu wa Wete*

Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Pole na hao 58, ila hizo nakala 6 ni neema, mie nishawahi kuwa nazo 4. Kabla ya michezo nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka mmoja niliwawekea watoto kesi ya Long John Silver, yule mpishi wa mguu mmoja, hakimu yupo, mawakili wapo, mashahidi wamejipanga, wallahi ilinoga mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia madirishani, kumbe yule wakili aliyeshinda hajasoma hata sura moja, kazi yake kuiga tamthilia za kwenye TV! Toka siku ile kwangu shahidi asiyetaja ukurasa hasikilizwi, na mchezo ambao mtoto anaweza kuucheza kitabu kimefungwa siuchezeshi.

Sasa anza na ramani, hapa ndo penye utamu. Stevenson mwenyewe alianza hivohivo, mwaka 1881 yuko Scotland na mtoto wake wa kambo, akachora ramani ya kisiwa cha kubuni na hadithi ikamjia kutokana na ile ramani. Halafu sikiliza vituko: alipopeleka kazi kwa mchapishaji ili kitoke kitabu, kilichotoka 1883, ramani ikapotea! Ikabidi akae apekue kitabu chake mwenyewe, kila palipotajwa kilima au ghuba apanoti, achore upya. Basi na watoto wako wafanye kazi hiyohiyo. Ficha ramani iliyomo kitabuni, gawa makundi 6, kila kundi nakala moja, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anachora, waliobaki wanabishana. Kilima kirefu kiko wapi? Jahazi imetia nanga upande gani? Watoto wa Pemba hawa, kisiwa cha Misali wanakijua, kusi na kaskazi wanazijua kuliko wewe, utashangaa vile watakavyogombania upepo ulitoka wapi. Mwisho toa ramani ya kitabu wapime nani kakaribia. Wakitaka karatasi ionekane kuukuu waipake chai ya rangi waianike juani, lakini pembe msichome kwa kibiriti, mie niliwaachia wakachoma na jamvi la mwalimu mkuu likaondoka na shimo.

Mchezo wa pili ni pipa. Unakumbuka Jim, yule kijana anayesimulia hadithi, anaingia kwenye pipa la tufaha, kusinzia kidogo, mara anamsikia Silver anapanga uasi? Pipa la maji tupu halikosekani skuli. Mtoto mmoja anachutama nyuma yake (ndani usimtie, mmoja wangu alikwama), watatu wanasoma maneno ya Silver na wenzake kwa kunong'ona, halafu "Jim" anakwenda kwa nahodha na daktari kuripoti alichosikia. Darasa zima wanafuatisha kwenye kitabu, lipi kaliacha na lipi kalitia chumvi. Na hapo mwalimu umepiga ndege wawili, maana huko ndiko kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, swali ambalo kwenye mtihani linawatoa jasho kila mwaka.

Ben Gunn usimpite. Yule ameachwa peke yake kisiwani miaka 3 na kitu anachokiota ni jibini. Waulize, na wewe je? Mie nilipata urojo, mkate wa ufuta, boribo, na mmoja akaandika "sauti ya mama akiniita nikale", nikashindwa kusahihisha nikaiweka pembeni.

Kasuku wa Silver naye anapiga kelele za pesa, zile sarafu za Kihispania za reale 8. Watume wakawaulize bibi zao reale ni nini. Hiyo kazi ya nyumbani hata anayetoka chuoni magharibi ataifanya.

Siku ya kumaliza zika kopo la ubuyu uwanjani, toa vidokezo ambavyo jibu lake liko kitabuni tu, kisha kabla hawajafika mwambie mtoto mmoja kwa siri alihamishe. Wachimbe, wakute shimo tupu. Watapiga kelele utadhani wamedhulumiwa urithi, we tulia tu uwaulize: maharamia walipochimba walikuta nini, na nani alikuwa keshaihamisha hazina?

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu kaja na hadithi ya mabaharia wanaokunywa pombe na kuiba. Hivi hii ndo elimu? Nataka kwenda kulalamika.
*Mzazi, Chake Chake*

Marahaba mwanangu. Nenda, ila kwanza mwambie akusomee kile kipande cha yule baharia mlevi kule mwanzo. Daktari anamwonya wazi kwamba ramu itamuua, hasikii, na hafiki mbali anakufa palepale nyumba ya wageni. Na wale maharamia wanavyoharibikiwa, nusu ya sababu ni chupa. Nyimbo za pombe kama zinakukera mwombe mwalimu aziruke, ni haki yako, mie mwenyewe nilikuwa naziruka.

Kwa nini lazima vya Wazungu? Vyetu havina michezo?
*Msomaji, Mkoani*

Nani kasema lazima yakhe? Chukua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, soma mpaka pale inapojulikana kuwa Adili kila usiku anawachapa manyani wawili, halafu funga kitabu. Kila mtoto aandike kwenye kikaratasi kwa nini anawachapa, vitie vyote kwenye chupa ya pikoz, chupa uipandishe juu ya kabati. Wiki nzima watakuwa wanaiangalia chupa na kukuuliza kipindi kijacho lini.