Ukungu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: leza inafanya nini hasa

Mleta mada, umeuliza kama mtoto wa jicho amemrudia mama, kwa kuwa miaka miwili baada ya upasuaji anaona ukungu na taa za magari usiku zinamtawanyikia. Mtoto wa jicho harudi: lenzi ya asili ikishatolewa haioti tena. Daktari huacha kifuko chembamba kilichoibeba, akaweka lenzi ya bandia humo. Chembe hai za lenzi zilizobaki ukingoni huzaliana, zikatambaa nyuma ya lenzi mpya, na kifuko kikafifia kama kioo cha bafuni. Si uzembe wa daktari wala wa mama.

Utando huo uko ndani, nyuma ya lenzi, kwa hiyo asali, maji ya majani wala dawa ya matone haviuondoi. Msimtie chochote.

Tiba yake ni leza ya YAG, mwanga mkali unaotoboa tundu dogo kwenye kifuko kilichofifia, bila kisu wala kulazwa. Lakini msikubali leza kabla hajapimwa presha ya jicho na kuangaliwa retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga), hasa kama ana kisukari. Ukungu ukitoka kwenye retina, leza haitamsaidia. Na kama lenzi yenyewe ilimsumbua tangu wiki za kwanza, semeni mapema, maana kifuko kikishatobolewa kuibadilisha kunakuwa kazi ngumu na ya hatari zaidi.

Siku yenyewe atawekewa matone ya kupanua mboni, asubiri kama nusu saa, kisha matone ya ganzi. Ataweka kidevu kwenye kishikio na paji la uso kwenye mkanda. Pengine atapachikwa kioo kidogo juu ya jicho ili lisipepese. Ataona mwanga na kusikia vimlio vidogo. Daktari huanza na nguvu ndogo, takriban milijuli 1 (kipimo cha nishati), akilenga nyuma kidogo ya lenzi, kwa sababu pigo likiigusa huacha kishimo. Tundu la milimita 3 hadi 4 hutosha, na yote huchukua dakika chache. Akihisi kikohozi aseme kwanza, asitingishike.

Akae kliniki kama saa moja apimwe presha tena. Vipande vya utando vinaweza kuziba njia ya maji ya jicho na presha ikapanda; mwenye glakoma (ugonjwa wa jicho unaohusiana na presha hiyo) asiondoke bila kipimo hicho. Mboni hubaki pana kwa saa kadhaa, hivyo achukue miwani ya jua na mtu wa kumsindikiza, asiendeshe gari. Kesho yake aoge, apike, ainame, asujudu: hakuna kidonda cha kuogopa kama baada ya upasuaji. Matone akiandikiwa, ayamalize. Miwani ya kusomea isubiri wiki chache.

Vidoa vinavyoelea kama inzi wadogo ni kawaida kwa siku au wiki kadhaa. Lakini akiona mimweko kama radi, mvua ya vidoa vipya kwa ghafla, au kivuli kama pazia kutoka pembeni, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo hata iwe Jumapili, kwa kuwa huenda retina inabanduka. Ni nadra, ila mwenye macho yasiyoona mbali tangu ujana yuko hatarini zaidi, na inaweza kutokea miezi kadhaa baadaye. Maumivu yenye wekundu, au kuona kunakofifia tena katikati, navyo virudisheni kwa daktari.

Tundu likishafunguka kwa mtu mzima, kwa kawaida halizibi tena.